Gari la Kulala la Mzee Hilali

Magari mabovu nimeyauza mengi, vijana wangu, na wala hayakunisumbua. Gari bovu lina bei yake, mnunuzi anajua anachonunua, mnabishana, mnacheka, na anaondoka nalo likivutwa kwa kamba. Lililonitoa jasho ni gari zima. Zima kweli kweli: oili imebadilishwa kwa wakati, nozeli safi, hakuna waya uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Katika maisha yangu yote ya gereji hapa Mwanga, mjini Kigoma, nilikabidhiwa gari la namna hiyo moja tu niliuze, na nusura linishinde.

Nawaandikia ninyi mnaofungua gereji sasa, mnaoniamkia asubuhi "Shikamoo Mzee Bukuru" huku mkononi mna simu inayosoma ugonjwa wa gari. Marahaba. Sina ugomvi na simu zenu. Sisi tulikuwa tunaegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini tunauweka sikioni, tunafumba macho kama watu wenye elimu kubwa, na mara nyingi tulikosea. Niliwahi kushusha injini nzima ya lori la chumvi kwa sababu ya mlio uliokuja kugundulika ni kopo la maziwa lililonasa juu ya springi. Dereva wake alinitania mpaka siku aliyostaafu.

Sasa nije kwenye hilo gari. Mbele lilikuwa kama lori dogo la dizeli, silinda nne, pua fupi. Nyuma, badala ya bodi ya mizigo, lilikuwa na chumba: kitanda, kabati, jiko la gesi, tangi la maji, dirisha lenye pazia. Wazungu wawili wazee, mtu na mkewe, walilileta kwa barabara kutoka huko kwao, na walipofika Kigoma mama akasema mgongo umekwisha, yeye anarudi kwa ndege. Mzee Hilali wa Ujiji, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amestaafu udereva wa malori, akalinunua. Watu walimcheka sana. Walisema mtu mzima ameacha kujenga nyumba, amenunua kitanda chenye magurudumu. Wakaliita Gari la Kulala, na jina likashika.

Mkewe, Bi Tausi, alikuwa muuza vitenge. Basi wakawa wanazunguka minadani, leo Uvinza, wiki ijayo Kasulu, wakati mwingine mpaka Kibondo. Mzee anaendesha, mama anauza, jioni wanapika na kulala humo humo. Wakirudi Ujiji waliliegesha kwenye kiwanja chao karibu na ziwa, kando ya kuta za nyumba zilizosimama bila paa. Kila mwaka Bi Tausi alisema mwaka huu tunaezeka. Kila mwaka mzee alijibu mnada mmoja tu zaidi, mama. Naona sasa kwamba ndani ya gari lile mzee alikuwa nyumbani na mama alikuwa safarini, ingawa walilala kitanda kimoja.

Mimi nilikuwa fundi wao tangu mwanzo. Niseme ukweli, sikuwa na kazi nyingi, kwa sababu mzee yule alilitunza gari kuliko anavyojitunza mwenyewe. Dizeli ya vijijini ilikuwa ikiuzwa kwenye madumu, na chini ya dumu la dizeli hukaa maji na mchanga. Wengine walikuwa wanakung'uta dumu mpaka tone la mwisho. Mzee Hilali alichuja kwa kipande cha kitenge, na kile cha chini kabisa alimwachia muuzaji, anune asinune. Kila akitoka safari alilegeza skrubu ya chini ya chujio akamwaga maji yaliyotuama. Na alipofika mahali hakuzima injini papo hapo. Aliiacha iungurume kidogo ipoe, naye amekaa ametulia, ndipo anazima. Mkitaka kujua kwa nini injini za watu wengine zinakufa mapema, waangalieni wanavyozima.

Mara moja tu walikwama. Mzee aliishiwa dizeli njiani karibu na Uvinza, jambo lililomuumiza kuliko ajali, na upepo ukaingia kwenye mabomba. Ninyi mnajua, dizeli ikishanyonya upepo unaweza kupiga stata mpaka betri ife. Nilipanda lori la watu nikaenda. Nililegeza nati ya juu ya chujio, nikapampu kwa mkono mpaka mapovu yakaisha na dizeli ikatoka safi, nikakaza, nikahamia kwenye nozeli moja moja. Nilikuwa nimeshameza dizeli kiasi cha kutosha, maana dizeli ya kuongezea niliinyonya kwa mpira. Bi Tausi alinipikia wali na mgebuka, samaki wa ziwa letu, na mgebuka wote ule ukawa na ladha ya dizeli. Nikamwambia mtamu. Jua lilikuwa limezama, nikatandika jamvi chini ya gari nikalala huko, wao wakalala juu. Nikiikumbuka safari ile, wale wawili wakiongea taratibu kule juu, mama akicheka, mzee akikohoa, natamani kurudi hata kwa siku moja.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Sefu, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa. Alikuwa na sheria yake ya kununua gari la dizeli. Fika mapema kuliko ulivyoambiwa, na kabla salamu hazijaisha uwe umeshaweka kiganja juu ya injini. Ukikuta ya moto, rudi nyumbani. Dizeli iliyochoka ni ngumu kuwaka asubuhi, na mwenye nayo mjanja huamka kuipasha ili wewe uikute inawaka kwa mguso mmoja. Ukikuta ya baridi, mwambie awashe, simama nyuma uangalie moshi. Mweupe kidogo halafu ukakata, sawa. Wa buluu, inakula oili. Mweusi mzito, kuna kazi kwenye nozeli au pampu. Siku moja aliweka kiganja kwenye injini ya mchuuzi fulani, ikamuunguza vibaya, na yeye akaendelea kuuliza habari za watoto huku ametumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji ya mama ntilie. Watoto wako wazima? Na wakwe? Mchuuzi anaitikia huku anatazama chini.

Basi macho ya Mzee Hilali yakaanza kuondoka. Presha ya macho, waliambiwa hospitalini, na kilichopotea hakirudi. Akawa anaona mwanga na kivuli. Udereva ukaishia hapo, na gari likabaki kiwanjani likiwa zima, limesimama. Bi Tausi aliniita mwenyewe.

"Fundi, utuuzie gari," aliniambia. "Mvua hazijaanza. Nataka zikianza huyu mzee awe chini ya bati lake. Kuzeeka ndani ya gari linalotembea nilikubali. Kuzeeka ndani ya gari lililosimama, hapana."

Nilimgeukia mumewe. "Mzee, unasemaje?"

"Liuze," alisema. "Lakini liondoke kwa magurudumu yake."

Nilidhani ni maringo ya dereva mstaafu, hataki gari lake livutwe kwa kamba mbele ya watu wa Ujiji. Nikasema usiwe na wasiwasi, gari hili litaondoka likiimba. Nilikuwa na hakika ya kuliuza kabla ya wiki kuisha.

Hapo ndipo nilipofanya kituko changu cha kwanza. Kwa kulipenda gari lile nililiosha. Si bodi tu, niliosha na injini. Niliisugua kwa sabuni na mafuta ya taa mpaka vyuma vikang'aa, nikapaka rangi kifuniko cha juu. Mnunuzi wa kwanza alitoka Kasulu. Akafungua boneti, akatazama, akafunga.

"Injini imeoshwa," alisema.

"Ndiyo, kaka. Usafi."

"Mnaficha nini?"

Hakusikia neno lingine. Wa pili naye vilevile, akainama kutafuta oili inayovuja, hakuiona, na kutokuiona ndiko kulikomtia shaka zaidi. Mzee Hilali aliposimuliwa alicheka mpaka akashika mbavu. "Bukuru, umemwogesha mgonjwa halafu unasema haumwi!" Ilibidi tuliwashe twende Simbo na kurudi, mimi naendesha, yeye kando yangu, kwa safari ya kutafuta vumbi. Watu wa Simbo walituuliza mmefuata nini, mzee akawajibu tumefuata udongo. Lakini njiani aliweka kiganja chake juu ya dashibodi, na tuliporudi hakutaka kushuka haraka.

Vumbi lilisaidia kidogo tu. Mmoja alitaka kubebea nyanya, akauliza kitanda kinang'olewaje. Mwingine alitaka la kuuzia chipsi pale Mwanga. Wote walifungua mlango wa nyuma, wakachungulia, wakaona mashuka ya Bi Tausi yaliyotariziwa maua, wakarudi nyuma hatua mbili na kusema aa, sawa, pazuri. Kisha tukaenda mbele kuzungumza habari za pistoni.

Nikajaribu na mambo yenu. Kijana mmoja wa jirani aliniingiza kwenye kundi la simu la kuuza magari, nami nikatuma picha. Injini kwa mbele. Injini kwa ubavuni. Chujio jipya. Chini ya gari, nikiwa nimelala chali. Mtu akauliza kwenye kundi, "Mzee, hii jenereta ni ya ukubwa gani?" Nikaona watu hawa hawana akili.

Ndipo akaja Maulidi wa Katonga. Huyu alikuwa na boti ya mbao ya kukusanya dagaa, na injini ya boti yake ilikuwa imekufa. Mnajua wenyewe, injini nyingi za boti kwenye ziwa letu zilianza maisha barabarani. Maulidi alikuja wakati wa swala ya alfajiri, na hata shikamoo yake kwa mzee haijaitikiwa kiganja kilikuwa juu ya injini. Mzee Sefu angempenda. Nikawasha, ikashika mara moja, moshi mweupe kidogo ukakata. Maulidi alifumba macho akasikiliza.

"Fundi, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta," alisema. "Nataka kuifunga mbalamwezi hii, giza likirudi niwe majini. Nakuja na mnyororo wangu wa kunyanyulia. Nachukua injini na gia boksi. Hilo banda la nyuma mtabaki nalo, mama afugie kuku."

Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, maboti hupumzika, na hizo ndizo siku za kuziba mbao na kufunga injini. Kwa hiyo mtu alikuwa na haraka ya kweli na hakubishana sana. Mimi moyoni nilishaliona bati limepigiliwa. Nikamwambia Bi Tausi paa limepatikana. Akamtazama mumewe. Mzee akasema sawa, kwa sauti ndogo, akaomba asogezewe kiti.

Maulidi alipoondoka, mzee akaniita.

"Bukuru, boti za Katonga zikienda kambi za dagaa zinapita wapi?"

"Hapa mbele, mzee. Kila jioni."

"Basi nitaisikia kila jioni ikipita bila gari lake. Macho yamekwenda, masikio yako palepale. Ungemuuzia mtu wa Mpanda injini hiyo akaitie kwenye kinu cha kusagia, nisingesema neno."

"Itakuwa ni mlio tu, mzee wangu."

"Wewe ni fundi. Usiniambie ni mlio tu."

Bi Tausi alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, na alisikia kila neno. Mwanamke yule alikuwa amengoja paa tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na siku ile paa lilikuwa limekuja lenyewe na mnyororo wake. Aliendelea kuchambua, anatupa punje mbaya pembeni, hainui uso. Kisha akasema, "Mwambie Maulidi asije kesho. Aje mbalamwezi ikiwa ukingoni."

"Na asipopatikana mwingine?"

"Asipopatikana, ataleta mnyororo wake na mimi nitamziba huyu masikio kila jioni." Alisema hivyo kama anatania, lakini mkono wake ulikuwa umesimama ndani ya ungo.

Siku zile niliteseka. Nilizunguka mji mzima, nikapiga simu Kasulu, nikapiga Uvinza, nikaisifu pampu ya dizeli kwa watu ambao hawakuniuliza. Mawingu upande wa Kongo yalikuwa yanaanza kujikusanya mchana. Mwezi ulikuwa mpevu, kisha ukaanza kupungua.

Mama Espe alikuja peke yake, kwa miguu kutoka kituoni, na futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni. Alikuwa fundi cherehani sokoni Mwanga, wa familia zilizotoka Burundi, aliyekulia kambi ya wakimbizi kabla ya kwao kupata makazi. Alikuwa anashona sare za shule na kuzipeleka minadani kwa pikapu ya kukodi, anaendesha mwenyewe, na usiku analala chini pembeni ya mizigo yake. Alimwamkia mzee, akaniamkia mimi. Nikamkaribisha mbele kwa madaha.

"Karibu mama. Injini ni ya baridi, njoo uweke kiganja mwenyewe."

"Ego, ndiyo, nitaweka," alisema. "Lakini niambie kwanza, fundi. Mvua ikipiga kutoka ziwani, maji yanaingilia wapi?"

Niligeuka nikalitazama lile banda la nyuma.

"Na ukipika, mvuke unatokea wapi? Kile kitanda, watu wawili wanalala au wanabanana? Maji ya tangi yanakaa siku ngapi kabla hayajanuka?"

Vijana, gari lile nililijua mpaka nati ambazo wenye kiwanda wamezisahau. Lakini nyuma sikuwahi kuingia. Si mara moja. Pale palikuwa chumba cha kulala cha mtu na mkewe, na mwanaume wa kwetu haingii chumba cha mwenzake, liwe jumba au liwe gari. Chai yangu miaka yote ilitoka dirishani. Kule Uvinza nililala mavumbini chini yake bila hata kujiuliza. Na wale wanunuzi waliochungulia na kurudi nyuma, walirudi kwa heshima hiyo hiyo. Tulikuwa tunauza nyumba ambayo hakuna mwanaume aliyekuwa tayari kuikanyaga, na mwenye kuijua tulikuwa tumemwacha mkekani na mchele.

"Mimi nimelala chini ya turubai nikiwa mtoto na nikiwa mama," Mama Espe alisema, wala hakuwa ananilaumu. "Injini ikifa nitakuita wewe. Paa likivuja nitamwita nani?"

Bi Tausi alishainuka, anajifuta mikono. "Ingia ndani, mwenzangu," alisema. Wakaingia, mlango ukafungwa.

Tukabaki nje, wanaume wawili na boneti iliyo wazi. Humo ndani kabati zilifunguliwa na kufungwa, springi za kitanda zikalia, wakacheka. Halafu nikaanza kusikia maneno, na nywele zikanisimama. Bi Tausi alikuwa anamtajia kasoro zote. Jiko hili kichwa cha kushoto ni kiburi, kiwashe mwisho. Hapa usiweke sukari, tuliingiliwa na sisimizi mnadani hawajahama mpaka leo. Dirisha hili upepo wa ziwani ukivuma kwa nguvu linaingiza maji, ni lazima mtu aamke alifute, la sivyo godoro linalowa.

Nikaondoka mbio kwenda kugonga mlango, dalali gani anavumilia hayo. Mzee Hilali akanidaka mkono.

"Mwache," alisema. "Dirisha linavuja? Miaka yote hii sijawahi kuamka nimelowa." Kisha, polepole, "Kumbe huwa anaamka kulifuta."

Mimi nikajishughulisha na kitambaa cha kufutia mikono.

Walipotoka walikuwa wameshamaliza. Bei wameipanga, malipo wameyapanga, na wamekubaliana gari litabaki pale mpaka bati la mwisho lipigiliwe, ili mzee asilale nje hata siku moja. Mama Espe alisema mtu akikuambia dirisha linapovuja, huna haja ya kutafuta anachoficha. Nikauliza, na mimi dalali je? Bi Tausi akasema nitapata chai. Ndipo Mama Espe akaja mbele, nadhani kwa kunihurumia, akaweka kiganja juu ya injini. "Ya baridi kweli, fundi," akasema. Nikamshukuru.

Maulidi alikuja na mnyororo wake kama tulivyoagana, na vijana na magogo matatu ya kuutundikia. Alipoambiwa alikasirika, na alikuwa na haki. "Sasa mimi giza likirudi nitapiga kasia?" Nilimpeleka gereji kwangu nikampa injini ya lori lililokuwa limelala hapo, nikashinda naye Katonga mpaka ikawaka ndani ya boti. Inapiga kelele vibaya. Mzee Hilali aliisikia ikipita mbele ya Ujiji akasema, huyo wa kwanza ni Maulidi, nozeli ya tatu inatema. Alikuwa sahihi, nami nilikwenda kuirekebisha.

Basi mkiuza gari, msiulize tu mwenye kuliendesha. Tafuteni aliyekuwa anaishi nalo, mpisheni aseme, hata akisema mnayoyaogopa. Hilo sikulitoa kwa Mzee Sefu.

Bati zikapigiliwa. Asubuhi ya kuondoka Mama Espe alileta cherehani zake mbili, tukazifunga kamba ndani, na safari hii mimi pia niliingia, kwa kuwa chumba kilikuwa hakina mwenyewe. Palikuwa padogo kuliko nilivyodhani. Niliona aibu nikatoka upesi.

Mzee alisimama dirishani kwa dereva, mkono juu ya mlango. "Taa ya kupasha injini ikizimika ndipo uwashe," alimwambia. "Na ukifika, usimzime hapo hapo. Kaa naye kidogo."

"Ego, baba. Nitakaa naye."

Ikashika mara moja. Likatoka kiwanjani kwa magurudumu yake, likashika njia ya Mwanga. Sisi watatu tukabaki tumesimama. Lilipopanda kale kamlima mlio ukabadilika.

"Amebadili gia mapema," mzee alisema.

"Atazoea," nikamwambia.

Bodaboda zikapita, mimi sikusikia tena kitu. Bi Tausi akamuuliza mumewe kama bado analisikia. Akasema bado. Tukangoja. Watoto wa shule wakapita wakituamkia, tukaitikia, mzee kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Sasa basi," alisema.

Bi Tausi akamshika mkono wakaelekea kwenye nyumba, nami nyuma yao na godoro lao kichwani. Bati zilikuwa zinalia kwa joto na sakafu ilikuwa bado inanukia saruji. Mzee alipofika mlangoni alisimama. Akainua mguu juu, juu sana, na mkono wa kulia ukaanza kupapasa ukutani. Miaka yote ile kuingia kwake nyumbani kulikuwa ni kupanda ngazi ya chuma na kushika kishikio, na mwili ulikuwa umeshaizoea kazi yake. Mguu ukabaki hewani hauna pa kutua. Nililia, vijana wangu, na ninashukuru lile godoro lilinifunika uso.

Bi Tausi akainama, akaushika ule mguu kwa mikono miwili, akauteremsha taratibu mpaka ukagusa sakafu.

"Hapa hakuna ngazi, mume wangu," alimwambia. "Tumeshashuka."